Mwaka 1967 na Mizani Mbili za Msomi

Miongoni mwa wahitimu wetu kumeingia msamiati mpya. Zamani kijana wa Temeke au Kinondoni aliyetaka kuondoka nchini alizungumza habari za viza, mwaliko au mfadhili. Leo anazungumza habari za alama. Anajua umri wake una alama ngapi, shahada yake ngapi, Kiingereza chake ngapi, na amekwisha kuzijumlisha kabla hajawaambia wazazi kwamba anaomba ukaazi wa kudumu nchini Kanada. Mjadala unaofuata huwa wa haraka na wa hasira. Upande mmoja humwita msaliti aliyesomeshwa kwa kodi za wavuja jasho. Upande mwingine humwona mwerevu aliyejikomboa. Pande zote mbili huzungumza kana kwamba jambo hili limeletwa na intaneti. Sivyo. Lina umri wa zaidi ya nusu karne, na lilizaliwa mwaka uleule ambao taifa letu lilikuwa likijiuliza swali hilohilo na kulijibu kwa namna nyingine.

Ottawa, Oktoba 1967

Kwa miongo mingi Kanada iliwachagua wahamiaji wake kwa rangi na asili, bila kificho. Waingereza, Wafaransa na Wamarekani ndio waliopendelewa. Wazungu wengine walifuata. Waasia na Waafrika walizuiwa kwa kanuni za aina nyingi. Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1952 iliruhusu hata kumkataa mtu kwa hoja kwamba hafai kwa hali ya hewa ya nchi hiyo. Mwaka 1962 waziri aliyehusika na uhamiaji, Ellen Fairclough, alitangaza kanuni zilizoondoa sehemu kubwa ya ubaguzi huo. Hata hivyo, afisa wa uhamiaji bado hakuwa na kipimo kilichoandikwa. Alimtazama mwombaji, akaamua.

Kipimo kilikuja tarehe 1 Oktoba 1967. Mwombaji aliyejitegemea alipimwa kwa mambo tisa yenye jumla ya alama 100: elimu na mafunzo 20, tathmini ya afisa kuhusu haiba na bidii yake 15, mahitaji ya kazi yake katika soko 15, ujuzi wa kazi 10, umri 10, ajira iliyokwisha kupatikana 10, Kiingereza na Kifaransa 10, ndugu aliyeko Kanada 5, na nafasi za kazi katika eneo aendako 5. Aliyepata alama 50 alihesabiwa kuwa amefaulu.

Tusiudharau mfumo huo. Ulikuwa hatua kubwa ya haki. Kwa mara ya kwanza mhasibu wa Dar es Salaam na mhasibu wa Glasgow walisimama mbele ya jedwali moja. Lakini jedwali lilikuwa na ukimya wake. Lilimuuliza mtu ana elimu gani. Halikumuuliza nani aliilipia. Katika safu zote tisa hapakuwa na hata moja iliyohusu nchi aliyotoka.

Arusha, Februari 1967

Miezi minane kabla ya jedwali hilo, tarehe 5 Februari 1967, Azimio la Arusha lilitangazwa. Mwezi uliofuata Mwalimu Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea. Hapa msomi aliwekwa katika mizani tofauti kabisa. Mizani ya Ottawa iliuliza, mtu huyu ana thamani gani kwetu? Mizani ya Arusha iliuliza, mtu huyu anadaiwa nini, na nani?

Swali hilo lilikuwa na historia ya karibu. Mwalimu alipenda kukumbusha kwamba nchi ilipata uhuru mwaka 1961 ikiwa na wahandisi 2 na madaktari 12. Chuo Kikuu chetu kilianza mwaka huohuo na kitivo kimoja tu, cha sheria, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Mwanafunzi mmoja wa chuo alikuwa mzigo uliobebwa na wakulima wengi wasiojua kusoma. Ndiyo maana Mwalimu alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada. Asiporudi, huyo ni msaliti. Na ndiyo maana waliosomeshwa na Serikali walifungwa kwa mkataba wa kuitumikia kwa miaka mitano.

Mizani hiyo nayo haikukubaliwa kwa shangwe na wote. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na mojawapo ya mabango yao lilidai kwamba enzi za ukoloni zilikuwa afadhali. Mwalimu aliwarudisha makwao zaidi ya wanafunzi 300 na, papo hapo, akatangaza kupunguza mishahara ya viongozi, akianza na wake, kwa asilimia 20. Wengi hukumbuka adhabu na kusahau hilo la pili. Mizani ya deni ilikuwa na uhalali kwa sababu aliyeishika alijipima nayo yeye mwenyewe.

Walioondoka

Wa kwanza kulitumia jedwali la Kanada kwa wingi kutoka jiji hili hawakuwa wahitimu wa Mlimani. Aprili 1971 Serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na familia nyingi za Kiasia za Upanga na katikati ya jiji zikaanza kutazama nje. Mwaka uliofuata Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda. Kanada ilipeleka maafisa Kampala, ikalegeza masharti yake ya alama, na ikawapokea zaidi ya watu 6,000. Hapo palionekana jambo la kuzingatia: jedwali linalodaiwa kuwa halina macho linaweza kulegezwa pale dola inapoamua kuona.

Waliofika walikuta kwamba alama za kuingilia si alama za kuajiriwa. Mwandishi M.G. Vassanji, aliyekulia Dar es Salaam na kuhamia Kanada mwaka 1978, aliandika riwaya ya No New Land, iliyotoka mwaka 1991, kuhusu Waasia wa jiji letu waliohamia Toronto. Mhusika wake mkuu anahangaika kutafuta kazi katika nchi iliyokwisha kumkubali. Daktari au mwalimu wa leo anayedhani kwamba barua ya ukaazi ni leseni ya taaluma angefanya vema kukumbuka hilo: bodi za taaluma za huko zina mitihani yake na masharti yake.

Miaka ya 1980 ilipoporomosha mishahara, wahadhiri, walimu na madaktari wa Kitanzania walielekea Botswana, Lesotho na Swaziland. Wakati huohuo, katika vijiwe vya Temeke na pembezoni mwa bandari, kulikuwa na uhamaji mwingine usio na jedwali lolote. Vijana walizamia meli. Waliojificha katika matumbo ya meli za mizigo kuelekea Ugiriki au Afrika Kusini hawakuwa na shahada ya kuhesabiwa. Lugha ya mtaani ilituachia maneno yao: mzamiaji, baharia, na baadaye kujilipua kwa wale walioficha uraia wao ili waombe hifadhi. Mfumo wa alama hauna neno kwa watu hawa. Mtaa mmoja humtoa mwombaji wa alama na mzamiaji, pengine katika nyumba moja; wa kwanza huitwa mtaalamu na wa pili huitwa mhalifu, ingawa kilichowasukuma ni kilekile.

Sisi pia tulipima watu

Kabla hatujawanyooshea kidole Wakanada, tukumbuke kwamba wakazi wa pembezoni mwa Dar es Salaam wana uzoefu mrefu wa kupimwa. Wakoloni waliligawa jiji kwa kanda: Wazungu Oysterbay, Waasia katikati na Upanga, Waafrika Kariakoo, Ilala, na baadaye Magomeni na Temeke. Sheria ya mwaka 1944 iliwapa mamlaka ya kuwaondoa mjini Waafrika walioonekana hawafai. Tulipojitawala hatukuiacha tabia hiyo. Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983 iliwafanya watu wasio na kitambulisho cha kazi wakamatwe mitaani na kurudishwa vijijini. Mkaanga samaki wa Temeke alitakiwa athibitishe manufaa yake kwa jiji, kama mwombaji wa leo anavyotakiwa kuthibitisha manufaa yake kwa Kanada. Tofauti ni kwamba yeye hakuonyeshwa jedwali.

Hata mlango wa Chuo Kikuu uliwahi kuwa na mizani ya namna hiyo. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, kijana aliyemaliza kidato cha sita hakuingia chuoni moja kwa moja. Alipitia JKT, akafanya kazi kwa miaka isiyopungua miwili, kisha akahitaji pendekezo la mwajiri na la chama. Tulipima tabia na utumishi pamoja na akili. Utaratibu ule ulikuwa na kasoro kubwa, kwani pendekezo la mkubwa laweza kununuliwa au kunyimwa kwa chuki. Lakini angalau ulisema wazi taifa lilitaka nini kwa msomi wake.

Mizani ya leo

Tangu Januari 2015 Kanada inatumia mfumo uitwao Express Entry, unaowapanga waombaji kwa alama zisizozidi 1,200. Msomaji avumilie tarakimu kidogo, kwa kuwa ndani yake mna falsafa nzima. Kwa mwombaji asiye na mwenzi, umri wa miaka 20 hadi 29 una alama 110. Afikapo 40 zimebaki 50. Akiwa na 44 zimebaki 6. Akifika 45 hana kitu. Shahada ya kwanza ya miaka mitatu au zaidi ina alama 120, na ya uzamivu 150. Lugha rasmi ya kwanza, yaani Kiingereza au Kifaransa, inaweza kumpa hadi 136. Kwa maneno mengine, ufasaha wa Kiingereza unaweza kuzidi uzito wa shahada yenyewe, na kijana aliyefundishwa kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza bado atalipia mtihani wa kuthibitisha kwamba anakijua.

Uzoefu wa kazi unasema zaidi. Mwaka mmoja wa kazi ya ujuzi humwezesha mtu kuingia katika foleni. Lakini ndani ya foleni, uzoefu wa Kanada una safu yake yenye hadi alama 80, ilhali uzoefu wa nje hauna safu ya peke yake. Huhesabiwa tu ukiambatana na lugha nzuri au na uzoefu wa hukohuko. Mwalimu aliyefundisha hisabati Mbagala kwa miaka minane, darasa likiwa limefurika, hakusanyi kwa miaka hiyo zaidi ya anachokusanya mwenzake wa miaka mitatu. Wakati huohuo umri unamla.

Tukijumlisha, jedwali linamtaka mtu aliyekwisha kugharimiwa na ambaye bado hajachakaa. Gharama za utoto wake, chanjo, shule ya kata na mkopo wa chuo zimebaki Temeke. Miaka yake ya kulipa kodi inakwenda Ontario. Siilaumu Kanada kwa hili; kila dola hujitafutia maslahi yake, na hii angalau huyaandika hadharani.

Swali linalotuhusu

Lawama ninayoiona ni ya kwetu. Kati ya mizani mbili za mwaka 1967, moja imeendelea kusahihishwa hadi leo, na nyingine tuliiacha ikaota kutu bila kuweka badala yake. Juni 2014, katika Uwanja wa Taifa, ndani ya Temeke, wahitimu zaidi ya 10,000 walikaa majukwaani kufanya usaili wa nafasi 70 za kazi. Mwajiri alikuwa Idara ya Uhamiaji. Kijana aliyekaa juani siku ile alijifunza jinsi taifa linavyompima, na hakuna hotuba ya uzalendo itakayomfuta somo hilo. Zahanati zinalia upungufu wa wauguzi huku wauguzi waliohitimu wakiwa nyumbani. Katika hali hiyo kumwita mwombaji wa alama msaliti ni kuutumia mfano wa Mwalimu nusunusu. Mfano ule ulidhani kijiji kinamsubiri aliyetumwa.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, historia inafundisha kwamba kufunga milango hakusaidii. Mikataba ya miaka mitano haikuwazuia watu wa miaka ya 1980. Kinachowezekana ni kudai kwa heshima. Shirika la Afya Duniani lilipitisha mwaka 2010 kanuni za uajiri wa wahudumu wa afya kimataifa, na Tanzania imo katika orodha yake ya nchi zinazohitaji kulindwa. Hiyo ni hoja ya kupeleka mezani, ili nchi inayovuna ichangie shamba. Aidha, Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inamtaka mtu mzima anayechukua uraia wa nje aachane na wetu. Mkaazi wa kudumu bado ni raia wetu. Miaka hiyo kabla hajaapa kwingine ndiyo ya kumshika mkono, na mjadala wa uraia pacha na hadhi maalumu usingoje hadi awe mgeni.

Kwa wanafunzi wangu nina neno fupi. Ukiomba, omba mwenyewe, usimpe kishoka fedha za mama yako kwa ahadi ya alama asizoweza kukuongezea. Mkopo wa Bodi lipa popote utakapokuwa, kwa sababu mwingine anaungoja. Wala usiichukue jumla ile kuwa ndiyo thamani yako. Ni makadirio ya soko moja kwa kipindi kimoja.

Na kwetu sote libaki swali la kazi. Kanada inaweza kumwambia muuguzi wa miaka 26 kutoka Tandika, kwa tarakimu, inamhitaji kiasi gani. Leo akituuliza sisi, tutamjibu nini?