Magic: kwa nini karata 60 zinashinda 80
Magic: The Gathering ni mchezo wa karata uliotungwa na Mmarekani Richard Garfield, na kutolewa mwaka 1993. Kila mchezaji anapanga fungu lake mwenyewe. Katika mashindano mengi, sheria inaomba karata 60 ao zaidi, na karata moja isipite mara 4, isipokuwa ardhi za msingi.

Wengi wanaoanza wanajaza 80, juu wanazipenda zote. Hapo njo wanajipunguzia bahati. Unaanza na karata 7 mkononi: ile unayotegemea, uliyoweka mara 4, itakuwemo karibu mara 40 kwa 100. Ukiwa na 80, mara 31 tu.

Basi punguza, cheza na wenzako, kisha badilisha karata 2 ao 3 kwa mara moja, ili ujue ni ipi iliyosaidia.