Magurudumu Juu ya Migongo ya Nyeri

Mji wa Nyeri, ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1902, haukukaa mahali pa kupendelea magurudumu madogo. Maana nchi ile, tangu Tetu na Othaya hata Mukurwe-ini, ni migongo iliyopangana baina ya mito, njia ikipita juu na shamba la mtu likiteremka mpaka bondeni, na udongo wake mwekundu, ukipatwa na mvua za masika, huwa utelezi ambao hata mwenye miguu timamu huupita kwa hadhari. Kwa hiyo tarikhi ya kiti cha magurudumu huku ni tarikhi ya kesi baina ya chombo na ardhi, na kadhi ni ardhi.

Kiti ambacho wengi hukijua, kwa kukiona hospitalini, iwe Mathari ya Wakonsolata au Tumutumu ya Waskoti, ni kile cha chuma cha kukunjwa. Asili yake ni Marekani, mwaka 1933, pale Herbert Everest, mhandisi wa migodi aliyevunjika mgongo, aliposhirikiana na Harry Jennings kuunda kiti kitakachoweza kutiwa ndani ya motokaa. Nia hiyo haina aibu, na wodini kiti hiki hakina mshindani. Walakini kikifika kwenye tope la Othaya, magurudumu yake madogo ya mbele huzama, na aliyeketi akabwagwa kifudifudi.

Ya kale zaidi, na kwa maoni yangu yenye heshima zaidi, ni baiskeli ya magurudumu matatu iendeshwayo kwa mikono, ambayo babu yake ni kigari alichojiundia Stephan Farffler, fundi wa saa wa Ujerumani asiyeweza kutembea, mwaka 1655. Pedeli zimepandishwa mbele ya kifua, mnyororo ni ule ule wa baiskeli, spoki na tairi hupatikana dukani, na nyuma pana nafasi ya bidhaa, hata mwenyewe akawa mchuuzi badala ya kuwa mwombaji. Nanyuki, penye uwanda, chombo hiki huenda mbali. Katika miinuko ya Nyeri humtaka kijana wa kusukuma. Na jioni, kwa urefu wake, hakipiti mlangoni, basi mwenyewe hulazimika kutambaa ndani ya nyumba yake.

Haja ya kiti kitakachoweza njia na nyumba pamoja ndiyo iliyowashughulisha mafundi. Chama cha APDK, kilichoasisiwa mwaka 1958 kwa ajili ya wenye ulemavu wa viungo, kiliingia katika kazi ya kuunda viti humu humu nchini Kenya, na baadhi ya waliovichomelea walikuwa wenye ulemavu wenyewe. Ralf Hotchkiss, Mmarekani ambaye naye hutumia kiti, alieneza gurudumu la mbele pana la mpira, lililobuniwa Zimbabwe na kuitwa kwa jina la nchi hiyo, ambalo huelea juu ya tope badala ya kulikata. Wengine waliweka gurudumu moja tu mbele, mbali na miguu, ili kiti kisipinduke kwenye mteremko. Kisha Amos Winter wa chuo cha MIT, baada ya kuyaona mashaka ya Tanzania mwaka 2005, akaunda kiti cha nyenzo mbili: ukizishika juu hupata nguvu ya kupanda, ukizishika chini hupata mbio, ukizivuta nyuma hufunga breki, nacho kilijaribiwa Kenya, Uganda na Tanzania.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake juu ya viti vya magurudumu, likisisitiza kumpima mtu, kumpa mto wa kuzuia vidonda, na kumfuatilia baadaye. Basi enyi mnaogawa viti kwa hafla na picha katika viwanja vya Nyeri, Karatina na Embu, kabla ya kununua, teremkeni kwanza mpaka nyumbani kwa mtu, mkaitazame njia yake siku ya mvua.