Waungwana wa Uvira

Mwishoni mwa Aprili 1858 mitumbwi miwili kutoka Ujiji ilitia nanga Uvira. Wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke walitaka kujua kama mto Ruzizi unatoka Ziwa Tanganyika au unaingia. Wana wa chifu Maruta wakawajibu: unaingia. Burton, aliyetumaini kuwa ameshika chanzo cha Nile, akafa moyo.

Mimi humtazama zaidi Mubarak Bombay, aliyekuwa katika msafara huo. Alikuwa Myao, akatekwa utotoni, akauzwa India, akapata uhuru bwana wake alipofariki, akarudi Unguja. Sasa alikuwa muungwana.

Uvira ndipo wafanyabiashara wa pwani walipoishia kaskazini. Walinunua pembe, watumwa na nguo za magome. Pamoja nao walikuja wapagazi na askari, wengi wao wenye asili ya bara, na baadhi bado watumwa wa Waarabu. Ziwani nani angewauliza nasaba? Uungwana ukawa jambo la kuonekana: kanzu nyeupe, kofia, kukataa nyama isiyochinjwa na Mwislamu, Kiswahili kilichonyooka. Asiyekuwa navyo aliitwa mshenzi, na mara nyingi aliyelitamka neno hilo kwa sauti kubwa ni yule aliyeitwa hivyo miaka michache nyuma. Mwarabu tajiri naye aliwacheka wote wawili.

Wafaransa wana filamu ya mchezo kama huo, *Ridicule* ya Patrice Leconte (1996). Bwana mdogo wa mkoani anaomba fedha za kukausha mabwawa yanayowaua wakulima wake kwa homa, na Versailles hasikilizwi mpaka awashinde wakubwa kwa ulimi. Ziwani, mwenye ulimi mzuri alihitaji pia bwana mwenye bunduki. Miaka ya 1880 bwana huyo alikuwa Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan al-Barwani wa Ujiji, ambaye watu wake walitamba mwambao wa kaskazini, ingawa Burundi ya mfalme Mwezi Gisabo iliwashinda.

Mwaka 1894 Wabelgiji walimvunja nguvu Rumaliza. Waamuzi wa uungwana wakabadilika, mtihani ukabaki. Kwa amri ya 1952, Mkongo aliyetaka kuhesabiwa kuwa amestaarabika alitembelewa nyumbani na kamati, ikakagua anavyoishi na mkewe, ndipo apewe kadi. Koloni nzima, kadi zilizotolewa zilikuwa mia mbili na kitu. Patrice Lumumba, karani wa posta Stanleyville, alinyimwa mara ya kwanza, aliipata 1954.