Reli zilizofukiwa Dallas zilivyorejeshewa tramu

Mnamo Januari 1956, jiji la Dallas katika jimbo la Texas, Marekani, liliondoa barabarani tramu zake za mwisho. Tramu ni gari la abiria linalopita juu ya reli zilizotandazwa barabarani, likipata umeme kutoka kwa waya ulio juu yake. Kama katika miji mingi ya nchi hiyo, nafasi yake ilitwaliwa na mabasi na magari ya kibinafsi. Kung'oa reli kulikuwa kazi ya gharama, hivyo aghalabu zilifunikwa kwa lami na kusahaulika.

Katika barabara ya McKinney, kaskazini mwa kitovu cha jiji, kusahaulika huko ndiko kulikoziokoa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 lami ilibanduliwa ili matofali ya kale yaonekane, na reli nazo zikajitokeza. Wapenzi wa tramu na wafanyabiashara wa mtaa huo hawakutaka zifukiwe tena. Mnamo 1983 waliunda shirika lisilotafuta faida, McKinney Avenue Transit Authority. Jina hilo lina kishindo cha idara ya serikali, ilhali shirika lilianza kwa michango ya wahisani, ruzuku ya serikali ya shirikisho na jasho la watu waliojitolea.

Reli walikuwa nazo. Magari ndiyo yaliyowatoa kijasho. Kampuni zilizoyaunda zilikuwa zimekwisha kuacha kazi hiyo, na vipuri havikupatikana dukani. Vilivyochakaa vililazimu kutengenezwa upya karakanani, au kutolewa katika gari jingine bovu. Mengine yalitafutwa ng'ambo. Rosie, iliyoundwa Philadelphia mnamo 1909, ilikuwa imewahudumia wakazi wa Porto, Ureno. Matilda, ya mwaka wa 1925, ilitoka Melbourne, Australia.

Huduma ilianza Julai 1989, zaidi ya miaka 33 baada ya tramu ya mwisho kuegeshwa.

Miradi mingi ya aina hii huishia kuwa kivutio cha watalii tu, na wenyeji huendelea kusafiri kwa magari yao. Dallas ingeweza kuangukia humo. Kilichobadili mambo ni uamuzi wa kuiunganisha njia hiyo kongwe na treni za kisasa. Mnamo 2002 reli zilirefushwa hadi kituo cha treni kilichoko chini ya ardhi, Cityplace, na mnamo 2015 mzunguko mpya ukakamilishwa katikati ya jiji. Tangu hapo mfanyakazi anaweza kushuka kwenye treni na kupanda gari lililoundwa kabla ya babu yake kuzaliwa.

Abiria hatozwi nauli. Gharama zimekuwa zikigawanywa kati ya mamlaka ya uchukuzi ya eneo hilo, DART, wenye majengo ya mtaa huo na wahisani. Mmoja wao akijitoa, shirika halina mapato ya tiketi ya kuziba pengo hilo.