Ukungu wa Los Santos

Kibanda cha gemu cha mtaani kwetu Morogoro kilikuwa na TV mbili za chogo na PlayStation 2 mbili. Moja ilikuwa ya mpira tu: mkicheza, anayefungwa anainuka, anayefuata anakaa. Ya pili ilikuwa ya GTA: San Andreas, na hiyo ulilipia kwa muda. Nusu saa. Mwenye kibanda alikuwa na saa ya ukutani na hakuwa na huruma.

Nusu saa haimalizi hadithi yoyote. Kiingereza cha CJ na wenzake kilitupita pembeni, memori kadi ilikuwa ya mwenye kibanda, na ukishindwa misheni umeunguza hela yako. Kwa hiyo wengi wetu hatukucheza misheni kabisa. Tulizurura. Kuna mshkaji mmoja alikuwa anatumia muda wake wote kumlisha CJ kuku wa kukaanga mpaka atapike, kisha anampeleka barabarani kumkimbiza aone jinsi unene ulivyompunguza mbio. Tulimcheka, lakini hakuna aliyeondoka kabla hajamaliza.

Safari yangu mimi ilikuwa moja. Naiba pikipiki Los Santos, natoka mjini, nafuata barabara za mashambani mpaka mlima Chiliad, napanda hadi kileleni. Hapo dakika zimeshakwenda. Nikigeuka kutazama nilikotoka, sioni kitu. Ukungu mtupu. Kwa mtoto aliyekua chini ya Uluguru, milima ambayo asubuhi za masika inapotea kabisa kama imehama usiku, jambo hilo halikuhitaji maelezo. Mji uko kule, mbali. Nimetoka mbali.

Nilikuja kusoma baadaye kwamba ramani nzima ya San Andreas ni kama kilomita 6 kwa 6, bahari ikiwemo. Yaani kutoka ukingo hadi ukingo ni mwendo wa mguu wa saa moja na ushee. Ndani ya eneo hilo wameweka miji mitatu iliyoigwa kutoka Los Angeles, San Francisco na Las Vegas, jangwa, misitu, na mlima wangu. Sasa ilikuwaje nikajiona nimesafiri?

Gemu ilitoka Oktoba 2004, imetengenezwa na Rockstar North, watu wa Edinburgh, Scotland. Mashine waliyoitengenezea ilikuwa na memori ya megabaiti 32. Picha kumi za simu yako ya leo zinaijaza. Hakuna namna jimbo zima lingeweza kukaa humo kwa wakati mmoja, kwa hiyo mashine ilikuwa inasoma ramani kutoka kwenye diski kipande kwa kipande, kadiri unavyosogea, na kutupa kile ulichokiacha nyuma. Vitu vya mbali visingeweza kuchorwa vyote. Ukungu ulifunika pale ambapo dunia ilikuwa haijachorwa bado.

Ujanja huo haukuwa mpya. Mwaka 1999 Silent Hill iliufanya ukungu kuwa roho ya gemu yenyewe. Mwaka huohuo gemu ya Superman kwenye Nintendo 64 nayo ilijaza mji wake ukungu, ikatoa kisingizio kwamba ni hila ya adui, na mpaka leo inatajwa kati ya gemu mbaya kuwahi kuuzwa. Kwa hiyo nisieleweke vibaya: sisemi ukungu ni mzuri popote. San Andreas iliutumia pamoja na mambo mengine. Barabara zake hazinyooki, zinazunguka mabonde na kupita chini ya madaraja ili kilomita mbili zionekane kumi. Anga ya Los Santos iliwekwa rangi ya chungwa iliyochoka, kama moshi wa Los Angeles, halafu ukivuka kwenda mashambani hewa inabadilika. Macho yanakwambia umefika nchi nyingine.

Fizikia yake, tuseme ukweli, ilikuwa ya katuni. Gari likipinduka matairi juu, lazima liwake moto na kulipuka, hata kama limepinduka taratibu. Lakini ulijua litalipuka. Ulipanga kwa hilo. Kila ulichogusa katika dunia ile kilikujibu kwa namna yake: ukila unanenepa, ukinyanyua vyuma misuli inatoka, ukiendesha sana pikipiki CJ anakuwa haanguki ovyo.

GTA IV ilikuja Aprili 2008, nami niliikuta chuoni kwenye kompyuta ya mwenzangu wa chumbani. Hapo fizikia ilikuwa kitu kingine kabisa. Walitumia teknolojia ya Uingereza iitwayo Euphoria, ambayo mwili wa mtu haufuati miondoko iliyorekodiwa tu, unajaribu kujiokoa. Ukimgusa mtu kwa gari anayumba, anatafuta pa kushika, mwingine ananing'inia kwenye mlango huku gari linakwenda. Magari yalikuwa mazito, yanalala kwenye kona kama mabasi ya mikoani. Wengi waliotoka San Andreas walinuna. Ndege za kuendesha hakuna, jimu hakuna, unene hakuna, na gari halikati kona! Mimi pia nilinuna. Ilinichukua muda kuona kwamba uzito uleule uliokuwa unaniudhi ndio uliofanya kila ajali iwe tofauti na ya jana. GTA V ya 2013 ilirudisha wepesi na kuongeza ukubwa, nikaifurahia, ila sikumbuki ajali hata moja niliyoipata humo.

Picha nzuri peke yake haijawahi kuokoa gemu ya namna hii. Cyberpunk 2077 ilipotoka Desemba 2020, Night City ilikuwa mji wa kuduwaza macho, angalau kwa mwenye kompyuta yenye nguvu. Ukifanya kosa, polisi walikuwa wanatokea nyuma ya mgongo wako kutoka hewani, hata ukiwa juu ya ghorofa. Sony waliiondoa dukani kwao baada ya wiki moja. Mfumo wa polisi ulitengenezwa upya katika toleo la 2.0, Septemba 2023, na watu wakarudi. Night City ilikuwa ileile, ila sasa ilikuwa inajibu.

Halafu likaja lile la Novemba 2021. San Andreas na ndugu zake wawili, GTA III na Vice City, walitolewa upya kwa injini mpya, chini ya jina la Definitive Edition. Picha kali, taa kali, vioo vinavyong'aa. Mvua ilianguka kama nyuzi nyeupe zilizotundikwa mbele ya macho. Mabango ya zamani yalikuja na makosa ya tahajia. Duka moja la donati katika gemu ya kwanza lilikuwa na nati kubwa ya chuma, ile ya pembe sita, juu ya bango lake, kama utani wa jina lake, Tuff Nut. Katika toleo jipya pembe zilikuwa zimelainishwa, nati imekuwa duara, na utani umekufa. Aliyeilainisha hakujua anaangalia nini. Tarehe 19 Novemba Rockstar waliomba radhi hadharani na kuahidi kurudisha matoleo ya zamani kwenye duka lao la kompyuta, yaliyokuwa yameondolewa.

Mimi kilichoniuma si mvua wala nati. Nilipanda Chiliad, safari hii bila saa ya ukutani, nikageuka kama zamani. Los Santos ilikuwa pale chini. Niliona maghorofa yake, niliona bahari, nikageuza kichwa nikaona upande wa pili wa jimbo zima. Ukungu walikuwa wameuondoa, kwa sababu mashine za leo haziuhitaji. Nchi niliyoizurura utoto mzima ilienea pale kama meza ya biashara, kila kitu kimepangwa karibu karibu. Nikazima.

Novemba 2024 lilitoka sasisho lililokuwa na chaguo la kurudisha mwanga wa zamani, na ukungu ndani yake. Nililiwasha Jumapili moja, mpwa wangu wa miaka kumi na mmoja amekaa pembeni anasubiri zamu. Nikatoka mjini, nikazunguka barabara zilezile, nikapanda hadi juu, nikageuka. Hakuna kitu. Weupe tu unaoelekea kwenye chungwa.

"Mjomba," akasema, akainuka na kwenda kufuta kioo cha TV kwa mkono wa shati lake, "hii TV yako ina vumbi."