Hisani ya Kampuni, Haki ya Raia: Ulemavu wa Akili Katika Eneo la Mulungwishi

Mulungwishi, kituo cha misheni ya Wamethodisti karibu na Likasi, kimo katika nchi ya migodi. Na katika nchi hiyo huduma ilifuata ajira. Tangu miaka ya 1920 kampuni ya Union Minière iliwapa wafanyakazi na familia zao nyumba, posho, shule na hospitali. Mtoto mwenye ulemavu wa akili alitibiwa kwa kuwa baba yake alikuwa na kazi, si kwa haki yake mwenyewe. Mtoto wa mkulima wa jirani alitegemea jamaa na misheni.

Baada ya kampuni kutaifishwa mwaka 1967, Gécamines iliuendeleza utaratibu huo, nao ukadhoofika baada ya mgodi wa Kamoto kuporomoka mwaka 1990. Hisani ilipokatika, mzigo uliwarudia wazazi.

Haki ilikuja polepole: kifungu cha 49 cha Katiba ya 2006, Mkataba wa Umoja wa Mataifa ulioridhiwa mwaka 2015, na sheria mahususi ya tarehe 3 Mei 2022. Kifungu cha 142 cha Katiba hiyo kinaitaka serikali ieneze sheria kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwamo, katika siku 60. Hapo ndipo wanalugha wana deni. Ulemavu wa akili, unaoanza utotoni, si ugonjwa wa akili. Mzazi asiyeelezwa tofauti hiyo hutafuta dawa panapohitajika mafunzo. Na haki isiyofahamika haidaiwi.