Dawa za kuondoa kutu: Hatari huongezeka lebo inapopotea

Kikuubo, uchochoro mashuhuri wa biashara ya jumla katikati ya jiji la Kampala, huwahudumia wachuuzi wa Uganda na pia wanunuzi kutoka Kongo, Rwanda na Sudan Kusini. Katika soko la namna hii bidhaa hupitia mikono mingi kabla ya kumfikia mtumiaji. Kwa sabuni au sukari, jambo hilo halina madhara makubwa. Kwa dawa ya kuondoa kutu ni tofauti, kwa sababu kimiminika kinapotolewa katika pipa na kutiwa katika chupa ya maji au ya soda, maelezo ya usalama hubaki kwenye pipa.

Mafundi wa magari, wachomeleaji na wapaka rangi huzitumia dawa hizi kusafisha chuma kabla ya kukipaka rangi. Nyingi ni asidi, ingawa hazifanani kwa ukali wala kwa madhara.

Ni kemikali zipi?

Asidi ya fosforiki hugeuza kutu kuwa tabaka gumu lenye rangi nyeusi au ya kijivu. Huunguza ngozi na macho, hasa ikiwa haijazimuliwa.

Asidi ya haidrokloriki hutoa mvuke unaowasha macho, pua na koo. Anayeuvuta kwa wingi katika chumba kisichopitisha hewa anaweza kujeruhiwa mapafu.

Asidi ya oksaliki mara nyingi huuzwa ikiwa unga au chembechembe nyeupe, hivyo ni rahisi kudhaniwa kuwa chumvi au sukari. Ikimezwa hudhuru figo.

Ya kuogopwa zaidi ni asidi ya haidrofloriki, pamoja na chumvi zinazofanana nayo kama amonia baifloridi, ambazo hupatikana katika baadhi ya dawa za kutu. Asidi hii hupenya ngozi na kuishambulia kalsiamu ya mwili, na mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika hadi mtu akafa. Ikiwa ni hafifu, chini ya asilimia 20, maumivu yanaweza kuchelewa hadi saa 24. Mfanyakazi anaweza kurudi nyumbani akiamini kwamba amelowa maji tu.

Michanganyiko ya kuepuka

Asidi ikichanganywa na dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini, ambayo wengi huiita Jik, hutoa gesi ya klorini, nayo ni sumu. Ikimwagwa juu ya mabati yaliyopakwa zinki hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche moja ya mashine ya kuchomelea. Kwa sababu hiyo asidi haihifadhiwi katika kopo la chuma lililofungwa.

Wakati wa kuzimua, asidi ndiyo humiminwa polepole ndani ya maji. Maji yakimiminwa ndani ya asidi, mchanganyiko unaweza kuchemka ghafla na kumrukia mtu usoni.

Ajali ikitokea

Aliyemwagikiwa avuliwe nguo zilizolowa, kisha aoshwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20. Macho yaoshwe yakiwa wazi. Aliyevuta mvuke apelekwe penye hewa safi.

Aliyemeza asidi asilazimishwe kutapika, kwani itamuunguza koo mara ya pili inapopanda. Asukutue kinywa na kukimbizwa hospitali. Kumnywesha maziwa mengi au mafuta kwa nia ya kuua sumu kunaweza kumtapisha.

Inaposhukiwa kuwa ni asidi ya haidrofloriki, mgonjwa aende hospitali hata kama hasikii maumivu. Tiba yake ni ya pekee: jeli ya kalsiamu glukoneti hupakwa mahali palipoguswa. Daktari asiyejua kemikali iliyohusika anaweza kulitibu jeraha hilo kama la moto wa kawaida. Kwa hiyo chombo cha dawa, au picha ya lebo yake, kipelekwe pamoja na mgonjwa.

Kabla ya kununua

Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, lakini si kawaida kukikuta kwenye lebo za kemikali. Asiyesoma Kiingereza anaweza kutazama alama za kimataifa zilizo ndani ya umbo la almasi lenye ukingo mwekundu. Kimiminika kinachodondokea mkono na chuma humaanisha kwamba dawa inaunguza. Fuvu na mifupa humaanisha kwamba inaweza kuua.

Mnunuzi adai chombo halisi kilichofungwa. Ikilazimu kugawanya, chombo kipya kiandikwe jina la kemikali na onyo, na kisiwe cha kinywaji. Jerikeni ya asidi isisafirishwe kwenye bodaboda pamoja na unga au mafuta ya kula.

Glovu za mpira zisizopitisha kemikali, miwani ya kinga na mahali penye hewa ni mahitaji ya lazima. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa asidi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri kuwapatia wafanyakazi wake vifaa vya kujikinga.

Kwa kutu kidogo, brashi ya waya au siki hutosha. Hata hivyo, rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi, na vumbi lake ni hatari hasa kwa watoto. Isikwanguliwe ikiwa kavu karibu na makazi.